Mota ya Wenyeji
Katika miaka yote niliyoshika saa ya timu yetu ya mbio za magari pale Kolwezi, Katanga, tulimshinda mtu mara moja tu, na huyo alikuwa amepindua gari lake kwenye kona. Gari letu lilikuwa moja, jekundu, kuukuu, na lilichemka kila mzunguko wa tatu. Dereva alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye miwani minene. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa ofisi mgodini, mtu aliyependa hotuba kuliko petroli. Fundi alikuwa tata mmoja, baba wa makamo, ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba; yeye mwenyewe alizaliwa Musonoi, hapo hapo Kolwezi, na Kasai hakuwahi kuiona hata siku moja.

Msimu ulipokwisha, mwenyekiti alituita karakana tujadili msimu ujao. Alizungumza saa nzima kuhusu nidhamu na kofia mpya. Fundi akangoja amalize.

"Mukubwa, ile joint inayoziba kichwa cha mota imeungua," akasema. "Nitakata ingine ya shaba. Shaba tuko nayo. Mwaka unaokuja hatutakuwa ba mwisho."

Akaikata kwa mkono kutoka kwenye bamba la shaba, akaipasha moto mpaka ikalainika, akaitundika ukutani. Kwa mara ya kwanza nikaamini kwamba tunaweza kushinda mtu aliye mzima.

Kabla hajaifunga, hotuba za aina nyingine zikaanza mjini: watu wa Kasai warudi kwao. Mgodi ulikuwa unaanguka, na kumlaumu jirani kulikuwa rahisi kuliko kutengeneza mashine. Asubuhi moja vijana waliingia nyumbani kwa fundi, wakatupa vitanda nje. Mwenyekiti, aliyezoea kumwita ndugu, sasa akasema kila mtu ana kwao. Fundi, mkewe na watoto wao wakaenda stesheni kungoja treni pamoja na mamia ya familia. Walikaa chini ya turubai wiki baada ya wiki.

Mwenyekiti akanituma huko.

"Muulize bolti za kichwa cha mota zinakazwa kwa mpangilio gani," akasema. "Huyu mwalimu anajua hesabu tu."

Nilikwenda. Naona haya mpaka leo, ingawa nilibeba sufuria ya bukari, ugali wetu, na samaki wakavu ili nisionekane nimefuata bolti. Wakala. Mtoto wao mdogo alikuwa na homa, hakutaka kitu. Nikauliza.

Fundi akanirudishia sufuria.

"Ambia mukubwa hivi: mi ni mugeni hapa. Mugeni hajue mota ya benyeji."

Mkewe akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka, kisha nikajikuta nalia, na mama yule akanipa kitambaa cha mtoto nijifute. Kilinuka mkojo. Nilijifuta nacho hivyo hivyo.

Jibu nililifikisha neno kwa neno. Mwenyekiti akakohoa, akaandika kwenye daftari la mikutano: "Fundi hapatikani."

Bolti zikakazwa kwa kubahatisha. Siku ya mbio yakaja magari mawili tu pamoja na letu, maana mafundi wa timu nyingine nao walikuwa wamefukuzwa. Letu lilitoa mvuke mzunguko wa kwanza, likazimika mbele ya watazamaji. Mwenyekiti akapanda juu ya kiti, akatangaza kwamba timu imeimarika: mwaka uliopita wa sita, mwaka huu wa pili. Watu wakapiga makofi. Nikamwekea saa ya timu kwenye kiti, karibu na viatu vyake, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Treni ilikuwa imekwisha kumchukua fundi na familia yake siku tatu kabla. Habari zao nilizipata baadaye sana kwa mama mmoja mfanyabiashara. Yule mtoto mdogo alifia njiani, wakamzika kando ya reli. Fundi alifika Mbujimayi, huko Kasai, akapata kazi ya kutengeneza vinu vya mahindi. Watu wa huko wanampenda, alisema yule mama, ila hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mukatanga.