Tumbo Lililokataliwa Machela

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya: ile siku wanaume wa kitongoji chetu huku Mabira walipokataa kunibeba. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, na mtoto wangu wa kwanza, Koku, alikuwa hajaanza kutembea. Wanaume wamesimama uani, mikono nyuma, machela imeegemezwa ukutani, nami nimelala kwenye mkeka natoka damu.

Nikueleze habari ya machela, maana ninyi mmezoea bodaboda kufika mpaka mlangoni. Kule bondeni kwetu haikushuka hata baiskeli. Mgonjwa alibebwa mabegani na wanaume, wakipokezana kwenye vijia, hadi barabarani penye gari. Kila kaya ilitoa mtu, na asiyetokea alitozwa debe la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ni desturi nzuri, siisemi vibaya. Ila hata desturi nzuri huwa na wapumbavu wake.

Sasa, mimi tangu usichana nina tumbo. Siku hizi mnaliita kwa herufi tatu za Kizungu. Daktari aliniambia tu kwamba utumbo wangu ni mwepesi kushtuka, hauna mdudu wala kidonda. Nikipata wasiwasi, au nikila maharage yaliyolala, linanyonga na kujaa. Mara nafunga choo, mara naharisha, na nikishakwenda haja linatulia. Niliwahi kubebwa kwa ajili yake, tena msimu wa kahawa, watu wakaacha kuvuna. Hospitali hawakukuta kitu, nikarudi natembea kwa miguu yangu. Tangu hapo nikawa mzaha wa kitongoji. Nikishika tumbo tu, watu wanaulizana kama mama mkwe amenikaripia.

Msimu uliofuata tulikwenda harusini kwa jirani. Tukanywa juisi ya ndizi, ile tunayoiita omuramba, iliyoongezwa maji ya kisima bila kuchemshwa kwa sababu wageni walikuwa wengi. Kesho yake homa ikanipanda hadi meno yakagongana. Nikaanza kuharisha ghafla, na kuharisha kwenyewe kukawa kunaniamsha usingizini, jambo ambalo tumbo langu halikuwahi kufanya. Nikienda haja, maumivu yanabaki palepale. Kisha nikaona damu. Na kule kwenye harusi, bibi harusi na shangazi yake nao walikuwa hoi kwa kuharisha.

Nikamwambia mume wangu, "Baba Koku, hili si lile."

"Mama Koku, tumbo lako tunalijua wote," akanijibu.

Wote wanalijua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mwanangu, lakini pale walio hai ndio waliojifanya mafundi wa kaburi. Nimeishi na tumbo lile miaka yote, najua linavyoingia na linavyotoka, halafu mtu aliyelisikia kwa masimulizi ndiye ananifundisha.

Mama mkwe ndiye aliyemlazimisha mume wangu kwenda kuwaita wabebaji. Wakaja, lakini kiongozi wao, Mzee Kaijage, alinitazama akiwa mlangoni tu. "Huyu tulishambeba," akasema. "Hospitali wakasema ni mawazo. Mpeni chai ya tangawizi alale." Wenzake wakacheka. Mimi ulimi umekauka, mkojo sijaupata tangu asubuhi, na nasikia vicheko.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kunipenda sana, niseme ukweli. Lakini aliinama akanishika paji la uso, akaitazama ile kanga niliyolalia, akatoka. Akaishusha machela, akaileta hadi mkekani, akanisogeza juu yake, akaingiza bega chini ya mti wa mbele. Huku kwetu bega la mwanamke halikuwa likiingia chini ya machela.

"Mama, utatuaibisha," mume wangu akamwambia.

"Aibu mmeshaileta wenyewe. Mawazo hayachomi mwili namna hii. Na bibi harusi kule, naye ana mawazo gani? Ya kuolewa?"

Akawaita wanawake waliokuwa wakimenya ndizi nyuma ya nyumba, wakaja. Waliponiinua, wanaume wakatazama chini. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Wakaja mmoja mmoja kushika miti ya machela. Mti wa mbele mama mkwe hakuuachia mpaka barabarani.

Hospitali walipima choo, wakakuta maambukizi ya kuhara damu. Nikawekewa dripu, nikapewa dawa. Daktari alimwambia mume wangu kuwa maji yalikuwa yamenikauka mwilini, na kwamba tungekawia zaidi figo zingesimama. Mume wangu akalia. Sikumbembeleza. Kaijage naye alikuja baadaye na mkungu wa ndizi. Ndizi tukazila, hasira nikabaki nayo.

Sasa nisikilize. Maambukizi yaliisha; lile tumbo la kushtuka ninalo mpaka leo, nimezeeka nalo. Nalo ni ugonjwa, si uongo wala deko. Lakini kuwa nalo hakukukingi na wadudu. Nyumba inayovuja nayo huingiwa na mwizi. Kwa hiyo jifunze tabia za tumbo lako. Siku likija na homa, au damu, au kutapika kusikokoma, likikuamsha usingizini, ukikonda bila sababu, au mliokula pamoja nao wakiugua, usilipe jina la zamani. Nenda upimwe. Kunywa maji ya chumvi na sukari ukiwa njiani, na ukifika mweleze daktari choo chako kilivyo bila kuona haya. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Na wewe unayeishi na mtu wa namna yangu, acha kumcheka. Siku akikuambia hili si lile, inuka umpeleke, hata kama ulishampeleka mara tisa bure. Ukikosea utakuwa umepoteza asubuhi moja ya shamba. Yeye akikosea kwa kukuamini wewe unayesema ni lile lile, anazikwa.

Mungu akupe tumbo tulivu, mwanangu. Na akikunyima hilo, akupe watu watakaokuamini kabla hujaanza kutoka damu.