Mlinganyo wa Pili wa Mkaa

Siku yangu ya kwanza ya kujitolea kufundisha kemia, kwenye sekondari moja ya Ilomba, Mbeya, mkuu wa shule alinipa chaki mbili. "Kijana, hizo ni za wiki. Usiandike sana, fundisha." Kabla sijafika darasani nilikuwa nimeshazigawa kichwani kwa siku tano.

Nilifundisha kusawazisha milinganyo ya mwako, yaani kuhakikisha atomu zinazoingia kwenye moto ndizo zinazotoka. Unaanza na kaboni, unafuata haidrojeni, oksijeni inakuwa ya mwisho. Namba ndogo za chini haziguswi. Unabadilisha zile kubwa za mbele tu.

Mwaka uliofuata nikahamia Iringa, shule moja ya Kihesa. Mtaaluma, mama aliyesimamia mitihani yote, alinikabidhi mwongozo wa kusahihishia mtihani wa kemia. "Fuata huu, mwalimu. Ukianza kufikiri, hatumalizi." Mtihani ule ndio ulioamua nani wa kidato cha pili aendelee na sayansi. Chini ya hamsini, hapana.

Swali moja lilitaka mwako wa mkaa. Mwongozo ulisema kaboni na oksijeni hutoa kaboni dayoksaidi, basi. Tumaini, binti kutoka Idodi, aliandika kaboni mbili na molekuli moja ya oksijeni, zikatoa kaboni monoksaidi mbili, "kama hewa ni kidogo". Nilijua yuko sahihi. Nilikaa na karatasi ile jioni nzima, nikamwogopa mtaaluma, nikaweka kosa. Akapata arobaini na tisa.

"Mwalimu, si imesawazika?" aliuliza mbele ya wenzake. "Kaboni mbili huku, mbili kule."

"Wewe kwenu Idodi ni joto," nikamjibu. "Jiko la ndani umelijulia wapi?"

Darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo wakamwita Mkaa wa Idodi.

Jumamosi asubuhi baridi ya Julai ilinishinda. Niliingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa taulo, nikaendelea kusahihisha madaftari. Kichwa kikaanza kugonga. Nikadhani ni mawazo, maana mimi huwaza sana.

Nilizinduka nikiwa uani. Tumaini alikuwa amekuja kuomba karatasi yake iangaliwe tena, akanichungulia dirishani, akamwita mama mwenye nyumba, wakanivuta nje. Tumaini alikuwa bado anakohoa.

"Mwalimu," alisema taratibu, "ni ule mlinganyo wa pili, wa hewa kidogo."

Jumatatu nilimpelekea mtaaluma karatasi. Akaisoma, akanitazama.

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Sasa uliniogopa nini? Mimi ni jiko?" Akaongeza alama, jina la Tumaini likaingia kwenye orodha ya sayansi.

Darasani nilisema tu kwamba kulikuwa na marekebisho. Sikusema kosa lilikuwa la nani. Wenzake waliendelea kumwita Mkaa wa Idodi mpaka naondoka, na kila alipoitwa hivyo, alinitazama mimi kwanza.

Sasa nimeacha chaki, niko kwa wazazi Mbeya naomba kazi nyingine. Vijana wanaokwenda kujitolea huja kuniuliza namna ya kufundisha mwako, nami nawaandikia milinganyo yote miwili ya mkaa. Lakini Tumaini nilimdhalilisha mbele ya watu arobaini, na msamaha nilimwomba nyuma ya ofisi, tukiwa wawili. Mlinganyo huo bado sijausawazisha.