Baba mkwe kaja kutoa rai

Jamani, Kiswahili kimeniponza leo hapa Bariadi!

Asubuhi nimetuma ujumbe wa sauti kwa wateja wa baa yangu: "Leo saa kumi kuna rai kwangu, bure. Njooni!"

Nilimaanisha wiski. Ile ya rai, nafaka ya Wazungu inayofanana na ngano.

Mume wangu, bila kufikiri, akamrushia baba yake.

Saa kumi anaingia nani? Baba mkwe! Mzee wa kanisa, mkulima wa pamba kule Kasoli, koti limepigwa pasi. Hajawahi kukanyaga baa maisha yake yote.

"Mwadila, mkwe," akanisalimu Kisukuma. "Nimekuja kutoa rai."

Na akaitoa kweli! Kwamba tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kila mmoja na mzani wake unaosoma kilo zake, na pamba ni ileile. Wateja wanapiga makofi. Mimi nimeganda na chupa mkononi.

"Na hiyo ni nini?"

"Ndiyo… ndiyo rai yenyewe, baba. Ni wiski."

Nikaona ndoa yangu hiyooo, inaondoka.

Akachukua glasi ya wiski niliyochanganya na asali, ndimu na tangawizi. Akanusa.

"Ina asali?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ni dawa ya kifua."

Akaimaliza. Akavua koti, akaketi.

"Mkwe, mtu mzima hana rai moja. Lete nyingine."

Sasa mama mkwe anapiga simu, anauliza kikao kimefikia wapi.

Nimjibuje?