Besi ya Kipyegon

Mideva alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu huko Lugari, na kwake dhambi kubwa ilikuwa moja tu: kuimba nje ya sauti uliyopangiwa. Mwaka 1992, majirani Waluhya na Wakalenjin walipogeukiana kwa ajili ya mashamba, tulikimbilia uwanja wa kanisa na magodoro na sufuria. Yeye alifika na ngoma kichwani.

"Mama, unga uko wapi?" akauliza Rosebella, mke wa mwanawe.

"Unga mnao nyinyi. Ngoma hakuna aliyeikumbuka."

Kila siku saa tisa alitupanga mazoezi. Waliogombania maji asubuhi aliwapa kitabu kimoja cha nyimbo, na ni vigumu kumnunia mtu anayekushikia ubeti wa pili. Lakini besi, ile sauti nzito ya chini, ilikuwa tupu. Mwenye besi, Kipyegon, kijana wa Kikalenjin, alikuwa ng'ambo ya mto, upande wa pili wa vita.

Alhamisi moja, katikati ya wimbo, vijana wenye pinde walitokea kwenye mahindi. Sauti zikakatika, kina mama wakaanza kukusanya watoto. Mideva akageuka, akawakagua mmoja mmoja, akamwona.

"Kipyegon, mazoezi huanza saa tisa."

Kijana akatazama miguu yake. "Mwalimu, leo sikuja kuimba."

"Naona. Weka hicho kitu chini. Besi haitoki mtu akijikunja hivyo."

"Ni mama yako?" mwenzake akamnong'oneza.

"Ni mwalimu," Kipyegon akajibu, kana kwamba hilo ni baya zaidi.

Akaweka upinde chini, akaimba beti mbili palepale aliposimama. Wenzake hawakujua wafanye nini na watu ambao mwenzao anawaimbia. Mwishowe kiongozi wao akasema twende, wakarudi kwenye mahindi.

Kesho yake tulikuta langoni kibuyu cha Kikalenjin chenye maziwa ya mala, yaliyogandishwa. Tukabishana kama yana sumu. Mideva alipochoka na ubishi, akanywa kikombe kizima, akaketi kwenye benchi ili tumtazame. Baada ya muda kichwa kikamwangukia kifuani. Rosebella akapiga nduru, kina mama wakaitikia.

Mideva akafungua jicho moja. "Nani huyo analia sauti ya tatu, na nilimpanga ya kwanza?"

Kibuyu kilikwisha asubuhi hiyohiyo. Kipyegon alirudi kwenye kwaya mwaka uliofuata. Jumapili ya kwanza hakuna aliyetaka kusimama karibu naye isipokuwa Mideva, ambaye alimwambia tu kwamba anashusha wimbo, apandishe sauti.