Folda Aliyoifagia Rhobi

Rhobi hakai. Hata chai huinywa amesimama, na wenzake katika ofisi ya utafiti wa mazao pale Musoma humtania kwamba kiti chake kitazeeka kikiwa kipya. Kazi yake ni kujenga programu kwenye kompyuta kubwa iliyo mbali, inayotumiwa na watafiti wengi kwa mtandao. Programu huja kama msimbo tu, yaani maagizo yaliyoandikwa. Lazima uipitishe kwenye kompaila, inayoyageuza kuwa lugha ya kompyuta, na kuiunganisha na maktaba zake, mafaili ya msimbo ambayo programu nyingi huyategemea, ndipo ifanye kazi.

Safari hii alijenga programu ya kuchambua vipimo vya mihogo, ionyeshe ipi ina michirizi ya kahawia, gonjwa linaloozesha mhogo ardhini huku majani yakionekana mazima. Sampuli moja ilitoka kijijini kwao Buswahili, shambani kwa jirani yao mama Gasper, aliyeahidi kumpa mama yake Rhobi mbegu, vipande vya miti ya mihogo yake. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia.

"Usipande kwanza, mama. Ningoje," Rhobi alimsihi mama yake kwa simu.

Kwao, mahali pa wote huachwa safi. Hata kwenye mashine ya unga, ukimaliza kusaga unafagia. Basi akiingoja kompaila, Rhobi akaona folda ya pamoja imejaa vitu vya zamani. Mikono ikamwasha. Akafuta vyote, na ujenzi wake ukakwama papo hapo. Simu ikalia: Jastin, mtafiti mwenzake wa Bunda.

"Dada Rhobi, nani kafuta maktaba? Kazi zetu zote zimekufa!"

"Ni mimi. Nilijua ni uchafu. Kwetu tunafagiaga."

"Sasa umefagia mpaka nguzo za nyumba!"

Haraka haraka haina baraka, lakini nani amwambie Rhobi? Alizijenga upya maktaba moja moja, kila mara akikimbilia dirishani kutazama mawingu. Aliogopa, na alijichukia. Kama asingefagia, majibu yangetoka juzi.

Yalipotoka, shamba la mama Gasper lilikuwa na ugonjwa. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, mbegu za mama Gasper usizipokee."

"Nimeshapanda jana, mwanangu. Mvua ilinyesha, akaniletea mwenyewe mpaka mlangoni. Mbegu ya jirani unaikataaje?"

"Zing'oe, mama."

Kuku walisikika nyuma yake.

"Zote?"

Rhobi alivuta kiti chake, akakaa.

"Zote, mama."