Kitabu cha Pili Nilichofungia Korosho

Nilisoma hadi darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Nasema mapema ili anayesoma asinitafutie sifa nisizokuwa nazo. Nilizonazo nazijua. Nyumba ya bati pale Newala niliijenga kwa mikono hii. Mashamba mawili ya mikorosho niliyafyeka mwenyewe. Watoto wangu wanne walikwenda shule na viatu miguuni. Ruksa ilipokuja, mtu binafsi akaruhusiwa kununua na kuuza bila kufukuzwa, wenzangu walikaa barazani wakibishana kama itadumu. Mimi sikubishana. Nilinunua makarai mawili makubwa, tukaanza kubangua na kukaanga korosho nyumbani, nami nikawa nazipeleka Masasi kuwauzia abiria stendi. Waliobishana baadaye walikuja kuniuliza nilifanyaje.

Kusoma ndiko kulikonishinda. Kile kisomo cha watu wazima, mwenyekiti wa kijiji alipopita nyumba kwa nyumba akiandikisha watu, mimi kila jioni nilikuwa na safari. Niliona aibu kukaa benchi moja na mama mkwe wangu tukisoma a, e, i, o, u. Namba nilizijua vizuri, na jina langu niliweza kuliandika. Mstari mzima, hapana. Mtu akinipa karatasi niliigeuza huku na huku, nikakunja uso, nikasema miwani nimeiacha nyumbani. Miwani sikuwa nayo hata siku moja. Niliishi hivyo miaka mingi na niliamini hakuna anayejua.

Binti yangu wa tatu alikuwa darasa la sita alipofika mwalimu mmoja wa kike kutoka kanda ya ziwa. Huyo alikuja Newala na begi moja la nguo na sanduku zima la vitabu, na wiki ya kwanza tu akalia kwa sababu ya shida ya maji. Alimwazima binti yangu kitabu cha hadithi. Mtoto alikisoma mara tatu, halafu akawa anatusimulia uani tukibangua, mikono yetu imepakwa majivu ili mafuta ya maganda yasituunguze.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna msichana aligusa picha ya kisima kwenye kitabu, vidole vikalowa, akavutwa ndani yeye na mdogo wake.

"Kisima kitabuni!" mke wangu akadakia. "Kwa nini wasikilete huku Newala tukateka?"

Ndani ya kile kitabu kuna nchi nzima, ina milima na masoko. Kila njia panda ina kibao, na asiyesoma kibao hafiki aendako, anazunguka tu. Mwisho yule msichana anatoka. Mdogo wake anabaki.

"Kabaki, baba! Na kitabu kimeisha!"

"Kwani mwenye kukiandika kafa?"

"Mwalimu anasema cha pili hajawahi kukiona. Kaniambia kama nakitaka sana, nikiandike mimi."

"Andika, lakini debe hilo la korosho liishe kwanza," mama yake alisema, tukacheka wote.

Nilimpa kaunta buku mpya, yenye jalada gumu. Aliandika muhula mzima. Aliandika akichunga sufuria ya maharage, mpaka mara mbili yakaungua, na mama yake akamwambia siku nyingine atapika hicho kitabu tukile. Alipokaribia kukimaliza alikuja nacho kwangu, akapiga goti, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Baba, naomba ukisome wewe kwanza kabla ya mwalimu."

"Mimi wa nini?"

"Anayekwenda na yule msichana kumtafuta mdogo wake ni baba yao. Anauza korosho."

Sitaficha, nilifurahi. Nilijiona mtu mkubwa, nimeandikwa kitabuni ningali hai. Lakini kitabu kilikuwa mikononi mwangu na yeye alikuwa ananitazama usoni. Nikasema nitakisoma nikitulia.

Wiki ikapita. Akauliza. Nikamwambia nimesoma, kizuri.

"Palikufurahisha wapi, baba?"

"Kote."

"Na yule baba?"

"Mwanaume wa kazi."

Akasema asante, ila bado sura ya mwisho, kwa hiyo nikitunze mpaka atakapotoka. Shule zilikuwa zimefungwa na yeye alikuwa anaingia unyagoni. Somo wake, yule mama wa kumfunda, alikuja kumchukua siku ya pili yake, na kwetu mwali akishaingia ndani baba hamwoni mpaka siku ya kumtoa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ulikuwa msimu, korosho zimejaa, basi la Masasi linaondoka asubuhi. Nilikuwa nafunga korosho kwenye karatasi niliyoikunja kama pembe, kila pembe konzi moja. Mke wangu alikuwa kwenye shughuli za mwali. Nikakichukua kile kitabu juu ya kabati, nikachana ukurasa wa kwanza, nikakunja, nikajaza. Nikachana wa pili. Baadaye niliwaambia watu kwamba karatasi ziliisha. Hazikuisha. Chini ya kitanda changu kulikuwa na bunda la magazeti ya zamani niliyonunua Tandahimba, halijafunguliwa kamba. Nililijua lilipo.

Moyoni nilijiambia mila. Kwetu mtoto akitoka unyagoni amekuwa mtu mwingine. Jina la utoto anaachana nalo, na ukimwita kwa jina hilo umemtukana. Vinguo vya zamani wanapewa wadogo. Basi nikasema, na hiki ni kitu cha utoto, aliyekiandika harudi tena. Niliisema mila hiyo peke yangu, mbele ya karai, hakuna aliyeniuliza. Ukweli ni kwamba kitabu kile kilikuwa kinaniuliza swali kila nikipita karibu na kabati, na mimi nilitaka kinyamaze. Nilikichana hadi likabaki jalada. Jalada nikawashia moto.

Stendi ya Masasi siku hiyo ilifurika watu wa likizo. Niliuza haraka. Abiria wa Mtwara wakanunua, wa Lindi wakanunua, mabasi yakaondoka. Mara namwona yule mwalimu anashuka kwenye gari la Newala, anaenda kwao likizo.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwalimu. Safari?"

"Nakwenda nikaoge maji mengi," akasema, akanunua pembe mbili. Alisimama palepale akila, anasubiri basi lake. Korosho za pembe ya kwanza zilipokwisha aliikunjua karatasi, kama walimu walivyo, kila chenye maandishi lazima wasome. Akaanza kutabasamu. Halafu akasoma kwa sauti, kwa kuwa yalimchekesha na utingo mmoja alikuwa pembeni anamsikiliza.

Nayakumbuka maneno yale. Sikuweza kuyasoma, lakini nikisikia neno silisahau.

"Baba akafika njia panda ya nne. Akakitazama kibao muda mrefu, akasema, nimesahau miwani. Mtoto alijua kuwa baba hana miwani, hajawahi kuwa nayo. Lakini aliogopa baba asije akaona haya mbele ya watu wa nchi ile. Akasema, baba, hata mimi macho yananiuma, njoo tukisome pamoja. Akawa anataja neno polepole, baba anarudia, na watu wakadhani ni baba anayemfundisha mtoto."

Utingo akapiga kofi. "Huyo baba kiboko! Wapo wengi hao, dada. Tuna mzee mmoja hapa kila nikimpa tiketi anasema miwani, miwani!" Akanigeukia akicheka. "Siyo wewe lakini, mzee wa korosho?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilicheka kuliko wote.

Mwalimu hakucheka tena. Alikuwa ameutambua mwandiko. Akatazama karatasi, akatazama kapu langu lenye zile pembe, kisha akanitazama mimi. Akasema taratibu, wengine wasisikie, "Mzee, kitabu kizima?"

Nikamjibu karatasi ziliisha.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliimwaga ile pembe ya pili kwenye kitambaa chake, akanyoosha karatasi zote mbili kwenye goti, akanipa. Basi lake likaita. Alipokwishapanda nilianza kumwaga korosho kwenye kapu, pembe moja moja, nikizinyoosha karatasi. Nilizunguka stendi nikiokota zilizotupwa. Mama mmoja wa Chiwata, aliyekaa juu ya mzigo wake anakula, nilimwomba karatasi yake.

"Unaniuzia korosho halafu unataka karatasi yako? Mzee una wazimu?"

"Nakuongezea korosho, mama, nipe karatasi."

"Weka kwanza."

Nikaongeza, akanipa, ina mafuta na chumvi. Nilipata kumi na moja. Kaunta buku ile ilikuwa nene, mnajua zilivyo. Iliyobaki ilikuwa njiani kwenda Lindi na Mtwara, watu wanakula, wanatupa dirishani.

Siku ya kumtoa mwali ilikuja na ngoma zake. Binti yangu alitoka amepakwa mafuta, kanga mpya, kichwa ameinamisha, hatua ndogondogo. Wajomba zake walimtunza pesa, nami nikamtunza. Nilikuwa nimevaa koti langu la sherehe, na zile karatasi kumi na moja zilikuwa mfuko wa ndani, nimezikunja kwenye kitambaa. Watu walinipa mkono wakisema hongera, umelea. Kila mkono niliopewa uliniumiza.

Nilikaa nazo siku tatu. Mke wangu alikuwa amekwishajua, kwa kuwa alikuta mabaki ya jalada jikoni. Chakula changu alikiweka mezani akaondoka bila kunikaribisha. Siku ya nne nilimwita binti yangu uani, tukiwa wawili, nikampa kile kitambaa. Alikifungua. Alizihesabu. Akazipanga kwa mfuatano, na nilishangaa, maana ukurasa wa mwanzo haukuwepo, lakini yeye alijua kila mmoja ulipokaa.

"Zingine, baba?"

"Zimekwenda."

"Zimekwenda wapi?"

"Nilifungia korosho. Karatasi ziliisha."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa njia. Machozi hayakutoka. Alilaza kiganja juu ya zile karatasi, zenye mafuta vilevile, akauliza, "Hizi umezisoma?"

Hapo ndipo nilipopata nafasi yangu. Hapakuwa na utingo wala mwalimu. Palikuwa na mtoto wangu na kuku wawili. Alikuwa amenifungulia mlango, na aliufungua kwa adabu, hata sauti hakuipandisha. Ningesema maneno mawili tu, sijui kusoma, yangekwisha.

Nikasema, "Nimezisoma."

"Na huu wa njia panda ya nne?"

"Nimeusoma."

"Yule baba umemwonaje?"

Maneno ya mwalimu yalikuwa masikioni mwangu. Nikajibu, "Ana kiburi."

"Siyo kiburi, baba," akasema. Alikuwa ananitazama usoni, kama siku ile alipokileta. "Anaogopa. Mimi nilimwandika anaogopa. Na mtoto wake hamcheki."

Nilisimama. Damu ilinipanda hadi masikioni. Nikamwambia, na sauti yangu naisikia mpaka leo ninapoandika haya kwa mkono wangu, baada ya kujifunza kusoma nikiwa tayari nina wajukuu, nikamwambia: "Somo wako amekufundisha nini huko ndani? Mwali anamkazia macho baba yake? Mwali anamwambia baba yake anaogopa?"

Alishtuka. Akainamisha kichwa palepale. Akashuka magotini, zile karatasi zikamwanguka, asiziokote.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nimekosa."

Mila zote nilizijua siku hiyo. Niliijua ya mwali, na niliijua ya mzazi anayeombwa radhi, kwamba anamwekea mtoto mkono kichwani. Nikamwekea mkono kichwani. Nikasema haya, nimekusamehe, yamekwisha.