Mkufu Shingoni mwa Shaba

Siku ya kwanza kazini nilipewa mkufu kabla sijapewa mbwa. Tulikuwa tumepangwa mstari mbele ya mabanda ya kampuni ya ulinzi, nje kidogo ya Ukunda, na Sajini, mkufunzi wetu, alipita akimtilia kila mmoja mkononi cheni nyembamba yenye pete mbili, moja kila ncha. Sisi watu wa kazi tuliiita choki, kwa sababu inakaba. Sajini alikuwa mtu wa bara, mpana wa kifua, aliyezeekea kwenye mbwa. Alituonyesha: unashika pete moja, unaidondoshea cheni ipite katikati yake, unapata kitanzi chenye mkia. Kisha akasimama mbele yangu.

"Inua juu. Hiyo ni herufi gani?"

Shule ya serikali niliiacha mapema, lakini chuoni, kwenye Kurani, nilihitimu. Nikatazama kile kitanzi na mkia wake uliopinda chini. Nikasema, "Waw, afande."

"Wau? Wau ni nani?"

Wenzangu wakacheka kwa pua.

"Ni herufi ya Kiarabu, afande."

"Geuza. Hapa tunasoma P. P ya nini?"

"P ya papa."

"Ya nini?"

"Papa, afande. Samaki."

"Haya, papa. Ukimvisha mbwa papa, atapumua. Ukimvisha huyo Wau wako, utamnyonga."

Kuanzia hapo jina langu kazini likawa Wau, na la Hamadi likabaki nyumbani Msambweni.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii mnipe subira nieleze, maana sina hakika kama bado mnafundishwa. Mbwa wa kazi hutembea kushoto kwa mshikaji wake. Pete inayofungwa kamba huitwa pete hai, ile nyingine ni pete mfu. Mkufu ukivishwa sawasawa, cheni ya pete hai hupita juu ya shingo kuja kwako. Ukivuta, inakaza, ukilegeza, uzito wake wenyewe unaiangusha na shingo inaachiwa. Ukivishwa kinyume, cheni hupita chini ya koo. Ukivuta, inakaza. Ukilegeza, inabaki imekaza. Mbwa hana namna ya kujua kwamba umemsamehe.

Njia ya kuhakikisha ndiyo ile herufi: simama uso kwa uso na mbwa, inua mkufu, usome P, ndipo umvishe kichwani.

Mengine aliyotufundisha Sajini ni haya. Mtoto wa mbwa havishwi choki, shingo yake bado laini; anavaa mkanda mpana wa ngozi, nao uache nafasi ya vidole viwili kupita. Mbwa hafungiwi bandani na choki, kwa kuwa pete hunasa kwenye waya naye akajinyonga mwenyewe. Na mkufu haumfundishi mbwa kitu. Unamkumbusha alichokwisha kufundishwa kwa sauti na kwa kipande cha nyama. Kuhusu mkono alikuwa na msemo wake: "Piga hodi, usivunje mlango. Hodi moja, kisha legeza, usubiri kukaribishwa." Wengi wetu tulikuwa wavunja milango mwanzoni. Mimi pia.

Nyumbani kazi hii haikupokelewa vyema. Mama aliuliza kama kazi zote za pwani zimekwisha hata mwanawe akashike mbwa. Nikaenda kwa ustadh wangu wa chuoni, nikamwamkia, nikamweleza. Akasema, "Mbwa wa ulinzi ana ruhusa, mwanangu. Ambao hauna ruhusa ni uvivu wa kujitwaharisha." Basi nguo za kazi zililala kazini, na mahali pa mate ya mbwa nilipaosha mara saba, moja kwa udongo, kabla ya sala. Wenzangu wa bara walinitania kwamba nalima mikono. Lakini hawakukosa kunishikia kamba nikaenda kusali, hilo lazima nilitaje.

Baada ya mafunzo tulipelekwa kulinda hoteli moja ya Diani. Huko nilipangwa zamu na Mutua, kijana Mkamba, mwenye sauti ambayo mbwa walikuwa wakiifuata kama chakula. Mbwa wake alikuwa Shaba, jike mwekundu wa mgongo, mwepesi wa kujifunza kuliko wote bandani. Mutua alimchana manyoya kabla hajachana nywele zake mwenyewe.

Ndipo Shaba akamng'ata. Si mgeni, si mwizi. Alimng'ata Mutua mkononi, wakiwa doria. Tukasema ni bahati mbaya. Haukupita muda akamng'ata tena, safari hii hadi akashonwa. Sheria ya kampuni ilikuwa fupi: mbwa anayemgeukia mshikaji wake mara mbili anadungwa sindano ya kulala moja kwa moja. Meneja wa hoteli hakutaka kusikia jingine, na simlaumu, alikuwa na watoto wa wageni bustanini. Daktari wa mifugo akaitwa aje wiki ifuatayo.

Mutua alikaa nje ya banda, mkono umefungwa bendeji. "Wau, buda, huyu dogi nimemlea mimi. Sijui nimemkosea nini, wallahi."

"Wewe si wa kuapa wallahi."

"Leo niache niape na chochote."

Kwa siku zilizobaki Shaba alikabidhiwa kwangu, maana hakuna mwingine aliyemtaka. Kwangu alitembea kama maji ya mfereji. Hakunguruma, hakugeuka. Kidogo niamini kwamba mkono wangu una baraka. Lakini nilijijua. Mutua alinishinda kwa sauti, kwa subira na kwa mapenzi, na mbwa hawezi kumkataa aliye bora akamtii aliye wa kawaida bila sababu. Nikamwambia Mutua amchukue, watembee kuja kwangu, nami nisimame mbele niwatazame.

Walikuja. Mutua akapiga hodi moja, akalegeza kamba ikaning'inia. Cheni haikuanguka. Ilibaki imeuma koo, na macho ya Shaba yakaanza kubadilika. Nikapiga ukelele, "Simama! Mvue!"

Kilichokuwa kimekosewa sikukijua. Mkufu nilikuwa nimeusoma mwenyewe asubuhi: P safi. Nikamfuata Sajini Ukunda nikiogopa kwamba ataona nabishana na herufi yake. Hakugombana nami. Alikuja, akamwambia Mutua amvishe Shaba tena kama kawaida yake, akachuchumaa, akapitisha kidole chini ya cheni. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Mutua, mbona mbwa yuko kulia kwako?"

"Mimi ni mashoto, afande. Nataka mkono wa kushoto uwe huru, ndio wa rungu."

"Kwenye gwaride ulimtembeza kushoto. Nilikuona."

"Kwenye gwaride ulikuwa unaniangalia, afande. Doria niko peke yangu."

Sajini akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Miaka yote nafundisha P, na wote niliowafundisha wanatembeza kushoto. Mbwa akija kulia, kila kitu kinageuka." Akavua mkufu, akaugeuza, akauinua mbele yangu. "Haya, mwalimu. Soma."

"Waw, afande."

"Waw," akasema, na kwa mara ya kwanza akaitamka vizuri.

Nisijipe sifa isiyo yangu. Mimi niliona cheni haianguki. Jibu alilitoa Sajini. Na bila Daktari lisingesaidia kitu. Alipofika, Daktari alitenganisha manyoya ya shingo ya Shaba, akatuonyesha kidonda kilichozunguka kama kovu la kamba. Tulikuwa tukimchana kila siku na hatukukiona. Akamwambia Meneja, "Mbwa huyu alikuwa anajitetea. Nampa muda kidonda kipone. Kikipona mumjaribu mbele yangu. Akishindwa, mkoba wangu nitakuwa nao."

Mutua akaanza upya kama anafundisha mtoto. Mkanda mpana wa ngozi, kipande cha nyama, sauti. Shaba alikuwa amejifunza kwamba mkono wa Mutua unauma hata baada ya kosa kwisha, na kuliondoa somo la namna hiyo ni kazi kuliko kulitia. Siku nyingine alikataa kumsogelea. Mutua alikaa chini mgongo amempa, akala mkate wake, akasubiri. Mimi nilifikiri hawezi kufaulu, na nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Wewe Wau, kama huna mazuri ya kusema, enda ulime mikono yako." Alikuwa na haki.

Manyoya yakaota. Daktari akarudi na mkoba, Sajini akaja, Meneja akatoka ofisini, tukasimama kando ya njia inayopita baraza la kifungua kinywa. Mutua akasimama uso kwa uso na Shaba, akainua mkufu, midomo ikacheza akisoma, akamvisha, akamtembeza kuliani kwake. Waliwapita wageni, sawa. Walimpita kijana wa kuuza vinyago aliyetania kwa sauti, sawa. Walipofika karibu nasi, tumbili mmoja akaruka kutoka paani, akanyakua andazi mezani mwa bibi mmoja, akakatiza puani mwa Shaba.

Shaba akafyatuka. Meneja akarudi nyuma akanikanyaga. Mutua akapiga hodi, moja, akalegeza. Kutoka niliposimama niliisikia cheni ikianguka, chwaa, kama sarafu kwenye sahani. Shaba akasimama, akamgeukia Mutua. Akaulamba ule mkono ulioshonwa, akaketi.

"Mwizi amekwenda na andazi," Sajini akasema.

"Mwache," Meneja akajibu. "Andazi nalilipa mimi." Na Daktari akafunga mkoba wake bila kutoa kitu ndani.

Baada ya hapo Sajini alibadilisha mafunzo. Kila mgeni kazini aliulizwa kwanza: mkono gani? Alipostaafu nilipewa mimi nafasi ya kufundisha. Sikuwa na hakika kama nastahili, ila niliichukua. Nikapelekwa kwenye maghala upande wa Ramisi, kisha nikarudi Diani kwenye majumba ya ufukweni, na huko nikakutana na kola za umeme, zinazompiga mbwa shoti ukibonyeza kidude mkononi.

Msimamizi wa nyumba moja, mama mmoja wa Nakuru, aliniita kwa sababu mbwa wake alikuwa na vidonda viwili kooni. "Hii ni ya kisasa, mzee. Unabonyeza tu, ana-behave."

"Inavuliwa saa ngapi?"

"Haivuliwi."

Nikamwomba anijaribie mkononi mwangu kwanza, kwa kiwango anachomtilia mbwa. Akabonyeza. Nilitaja jina la Mungu, yeye akashika mdomo, "Woi, pole mzee!" Tangu siku hiyo alianza kiwango cha chini kabisa, akawa anaivua usiku, na habonyezi kwa hasira. Lakini nitende haki: kola haina roho mbaya. Nimemwona mbwa kiziwi aliyekuwa akiitwa kwa ile ya kutetemeka tu, isiyo na umeme. Ikitetemeka anamtafuta mwenyewe mbio, mkia juu. Kifaa ni kimoja. Aliyekishika ndiye wa kuulizwa.

Sasa nimestaafu. Napanda mihogo yangu Msambweni, na mara moja moja mtu huniletea mbwa uani tutazame shingo yake pamoja. Usiku huandika haya, na mara nyingi huyafuta, nikiona huenda nimejitukuza. Wajukuu huuliza, babu, ulikamata wezi wangapi? Wachache, na wawili kati yao walikuwa wamelewa. Fahari yangu haiko huko.

Iko kwenye simu aliyonipigia Mutua. Shaba alipomaliza miaka yake ya kazi, kampuni ilimruhusu aende naye kwao Makueni. Zikapita mvua kadhaa, ndipo asubuhi moja akapiga. Sauti yake ile ilikuwa nzito.

"Shaba ametuacha. Amelala mlangoni kwangu, hakuamka."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Meno yalikuwa yameisha, macho yameisha. Hakuna kilichomuua, Hamadi. Ni uzee tu."

Nikamwambia pole, kisha nikamwambia hongera.